Kamera ya Chama Chetu na Nyuso za Watu
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Tangu kamera ile nyeusi ilipoingia katika shule yetu, maswali ninayoulizwa juu yake ni mawili tu. La kwanza ni hili: "Ina megapikseli ngapi?" La pili: "Inavuta mpaka wapi?" Wanaouliza la kwanza ni wanafunzi wenzangu. Wanaouliza la pili ni wazazi wanaokuja siku ya kutembelea, na wengine hutaka kujua kama naweza kusimama hapa Kisesa nikampiga picha mtu aliye Mwanza mjini. Hapana aliyepata kuniuliza swali lililo kubwa kuliko hayo yote, yaani kama kamera hii hupima mwanga vizuri, na kama mwenye kuishika anaweza kuisahihisha inapopima vibaya.

Mwezi wa Novemba sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani na kuondoka. Kwa hiyo nimeona ni vema kuandika habari za kamera hii kwa ajili ya wale watakaoachiwa. Tena iko sababu nyingine. Katika mkutano wa wazazi wa muhula huu mzee mmoja alishauri kwamba kamera iuzwe, na fedha zake zinunue simu nzuri ya kukaa kwa mwalimu mlezi wa chama, kwa kuwa simu za siku hizi nazo hupiga picha. Shauri hilo litaamuliwa muhula ujao. Si shauri la kipuuzi, nami nitajaribu kulijibu kwa haki.

Kamera yenyewe ni Nikon D7000. Ilianza kuuzwa mwaka 2010, nasi tuliipata imekwisha kutumika, zawadi ya mzazi mmoja apigaye picha za harusi ambaye alijinunulia nyingine mpya. Ni ya daraja la kati. Juu yake ziko kamera kubwa za waandishi wa magazeti, na chini yake ziko ndogo za mtu anayeanza, ambazo vifungo vyake ni vichache na mambo mengi yamefichwa ndani ya orodha za kioo cha nyuma. Daraja la kati ni la watu kama sisi: hatulipwi mshahara kwa picha zetu, lakini hatutaki kamera itulishe kila kitu kama mtoto mchanga. Uzito wake pamoja na betri na kadi, bila lenzi, ni gramu 780. Mtu ambaye hajawahi kuishika na afikirie mfuko wa sukari wa kilo moja uliokwisha kukaa bwenini kwa siku mbili.

Ni kamera ya rifleksi, na waliosoma habari za mwanga katika Fizikia wataelewa upesi jinsi ifanyavyo kazi. Mwanga huingia kwa lenzi, hukuta kioo kilichoinama nyuzi 45, hupanda juu kwenye prizimu ya pande tano, na prizimu huugeuza mpaka ukafika kwenye kidirisha cha kuchungulia, ukaona mambo yakiwa wima kama yalivyo. Unapobonyeza, kioo huruka juu, pazia hufunguka, mwanga hupiga kihisi kilicho nyuma, kisha vyote hurudi mahali pake. Ule mlio unaowachekesha watoto wa Kidato cha Kwanza ndio huo. Jambo la ajabu ni kwamba wakati huo huo picha inapopigwa, mpiga picha haoni kitu, kwa maana kioo kimekwisha kuruka. Basi ukiona kwenye kidirisha mchezaji amefika juu kabisa, ujue umechelewa. Yakupasa ubonyeze anapoanza kupanda.

Faida ya kidirisha hicho huonekana saa saba za mchana. Sisi tuko karibu sana na Ikweta, na jua la saa hizo husimama juu ya utosi. Vioo vya nyuma vya kamera na vya simu havisomeki uwanjani. Mtu hukunja uso na kuweka kiganja juu ya kioo kama anayewasha kiberiti penye upepo. Anayechungulia kwa kidirisha huona vizuri kama kawaida.

Sasa nije kwenye mwanga, ambao ndio hasa ulionifanya nishike kalamu. Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera hakimjui mtu, wala hakijui shati. Hujua tu kwamba mwanga ni mwingi au ni haba, na kimefundishwa kudhani kwamba dunia yote ikichanganywa pamoja ni rangi ya kijivu cha katikati, kile kijivu ambacho hurudisha kama sehemu 18 katika kila 100 za mwanga unaokiangukia. Ukikielekeza kwenye kitu cheupe, hudhani mwanga umezidi, hupunguza. Ukikielekeza kwenye kitu cheusi, hudhani ni giza, huongeza. Mama zetu wa Igombe na Kayenze wanapoanika dagaa, dagaa hao hung'aa kama bati jipya. Mpige picha mama anayewageuza bila kusahihisha kitu: dagaa watakuwa wa kijivu kama majivu, na mama atakuwa kivuli.

Basi fikiri picha ya pasipoti ya mwanafunzi. Shati ni jeupe, ukuta nyuma yake ni mweupe, na uso ni mweusi. Weupe ndio mwingi katika picha hiyo. Kipimo huona weupe, hupunguza mwanga, na kinachopunguziwa zaidi ni uso ambao ulikuwa na haki ya kupewa. Matokeo yake mnayajua, kwa maana mnayo kwenye vitambulisho vyenu. Wengine hupelekewa picha zao kompyuta zikang'arishwe, zikarudi na watu wa rangi ya maembe mabivu ambao hata mama zao wangewapita njiani.

Hapa nitaje jambo la nyumbani, kwa sababu ndilo lililonitia katika chama hiki. Baba yangu alifariki nilipokuwa darasa la tano. Alikuwa mweusi sana, hata marafiki zake walimtania kwa jina la mkaa, naye akilipenda. Picha yake tuliyo nayo ni moja tu, ya kitambulisho, amevaa shati jeupe mbele ya ukuta mweupe. Siku ya mazishi ilikuzwa ikawekwa mbele ya jeneza. Kola ya shati ilionekana vizuri, hata kifungo kimoja kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Uso haukuonekana, palikuwa na weusi wenye macho mawili. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa na miaka miwili wakati ule. Sasa yuko shule ya msingi na huuliza baba alifananaje, na mama humwambia, "Mtazame baba yako mdogo, halafu ongeza masikio." Mwaka jana niliileta picha ile hapa shuleni, tukajaribu na mwalimu kuifufua kwenye kompyuta. Haikufufuka. Mahali ambapo mwanga haukuandikwa hapana cha kufufua. Aliyeipiga simlaumu, kwa maana alibonyeza kama wanavyobonyeza wengi, na kipimo kikamwambia kwamba kila kitu ni sawa.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Zamani za filamu, kampuni ya Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara kadi za kusawazishia rangi, na katika kadi hizo alikuwa mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo zikaitwa Shirley. Fundi aliyesafisha picha alilinganisha rangi zake na ngozi ya mwanamke huyo. Ikitoka vizuri, kazi imekwisha. Watu weusi waliopigwa pamoja na weupe katika picha moja walitoka meno na macho. Msomi wa Kanada, Lorna Roth, ameandika kwamba katika kuitengeneza upya filamu ile, malalamiko yaliyosikilizwa yalikuwa pamoja na ya watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti, ambao hawakuridhika na jinsi rangi zao za udongo zilivyotoka. Niliposoma habari hiyo nilicheka kwanza, kisha nikaacha kucheka. Kihisi cha kamera ya siku hizi si filamu, wala hakina Shirley ndani yake. Lakini kipimo bado hufuata kijivu chake, na anayejua kukisahihisha ni mtu tu.

D7000 hukupa njia tatu za kupima. Ya kwanza huichambua picha nzima kwa nukta 2,016 na kukisia mwenyewe unataka nini, hufaa mandhari. Ya pili hujali katikati zaidi. Ya tatu hupima kiduara kidogo tu, asilimia 2.5 ya picha, na kiduara hicho hufuata mahali ulipolenga. Hii ya tatu ndiyo rafiki yetu. Unaiweka kwenye shavu la mtu, nayo huusahau ukuta, na shati, na mbingu pia. Lakini tahadhari! Ukiiacha hivyo, kipimo kitajaribu kuligeuza shavu jeusi kuwa la kijivu, na mtu atatoka kama aliyepakwa majivu. Ndipo hutumika kifungo kidogo kilicho juu ya kamera, karibu na kidole cha shahada, chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Unakishika, unazungusha gurudumu, na kamera huongeza au hupunguza mwanga kwa hatua za theluthi, mpaka hatua 5 kila upande. Hatua moja ni kuzidisha mwanga mara mbili, au kuugawa kwa mbili. Kwa mtu mweusi kama baba yangu, nikipima shavuni, mimi hupunguza theluthi mbili, na pengine hatua nzima. Kwa mwenye rangi ya maji ya kunde sipunguzi, au napunguza theluthi moja tu. Na nikipima kwa njia ya kwanza mbele ya ukuta mweupe mambo hugeuka, hapo huongeza. Weusi wa mtu hubaki weusi, lakini ndani yake unaona paji la uso, na mikunjo, na alama ya ndui kama anayo.

Kamera ndogo nazo zina kusahihisha huku. Katika daraja la kati kifungo chake kiko mahali ambapo kidole hukikuta bila jicho kuondoka kwenye kidirisha. Tena lina magurudumu mawili, moja la kidole gumba na moja la kidole cha shahada, ili la kwanza liongoze mwendo wa pazia na la pili liongoze tundu la lenzi. Mtu asiyewahi kupiga picha ya ngoma ataona haya ni mambo madogo. Na aje Bujora mwezi wa Juni.

Wageni katika shule hii na wajue kwamba si mbali na njia panda yetu ya Kisesa, katika barabara iendayo Musoma, ndipo ilipo makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Ilianzishwa na Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, na makumbusho ikafunguliwa mwaka 1968. Hapo huchezwa Bulabo, siku kuu ya ngoma iliyofungamana na sikukuu ya Ekaristi. Vikundi ni vya pande mbili, Bagika na Bagalu, na asili yao husimuliwa kuwa ni waganga wawili walioshindana, Ngika na Gumha. Mashindano yao ni ya namna yake. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na atakayevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Basi watu hukimbia huku na huku. Manju wa upande mmoja akitoa chatu, uwanja wote humwendea. Wa upande wa pili akirusha majembe, wote hurudi. Na mpiga picha yumo katikati, anakanyagwa.

Katika hali hiyo hapana nafasi ya kufungua orodha kwenye kioo. Katika bugobogobo wachezaji huyazungusha majembe hewani, na jembe linalozunguka huhitaji pazia la sehemu moja ya elfu ya sekunde likionekana limesimama. Pazia la D7000 hufika sehemu moja ya 8,000, kwa hiyo jua likiwapo kazi ni nyepesi. Lakini mimi hupenda kushuka mpaka sehemu moja ya 60. Hapo jembe huwa duara la ukungu, na uso wa mchezaji, kama hakuutikisa, hubaki safi katikati ya duara. Katika picha kumi za namna hiyo tisa huharibika. Kamera hupiga 6 kwa sekunde, kwa hiyo huna haja ya kulia. Nukta zake za kulengea ni 39, na 9 za katikati ndizo zenye nguvu, kwa maana huona mistari ya wima na ya mlalo pia. Vumbi likiwa jingi, tumia hizo za katikati.

Gurudumu kubwa la upande wa kushoto lina herufi U1 na U2. Hapo unaweza kuhifadhi namna mbili za mipango yako, ukazirudia kwa kuzungusha tu. Sisi tumekubaliana: U1 ni ya uso wa mtu, U2 ni ya ngoma. Tafadhali msibadilishe bila kuandika daftarini.

Kuhusu adabu ya kupiga picha, kamera haina kifungo chake. Mwaka jana nilimwendea mzee mmoja wa ngoma aliyekuwa amepumzika chini ya mti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unataka kunitia humo?"

"Ukiniruhusu, babu."

"Wamenitia wengi. Wazungu wamenitia, na watu wa televisheni wamenitia. Hapana hata mmoja aliyenirudishia. Wewe utanirudishia?"

Nilimwahidi, na mwezi uliofuata nikampelekea picha yake iliyosafishwa. Aliitazama muda mrefu, akaigeuza akatazama nyuma, akasema, "Kumbe nimezeeka hivi." Kisha akamwita mkewe aje naye apigwe. Tangu siku ile chama kimeweka sheria kwamba tunayempiga uso lazima arudishiwe picha, nasi huchanga wenyewe gharama ya kuisafisha. Kwa sababu hiyo tunapiga watu wachache.

Jambo lingine kubwa la daraja hili ni lenzi. Kamera ilikuja na ya milimita 18 mpaka 105, ambayo ni ya kazi zote, na sina mengi ya kuisemea. Lakini mwalimu wetu wa Fizikia alikuwa na lenzi ya zamani ya milimita 50, imekaa sandukuni, tundu lake hufunguka mpaka f/1.8. Lenzi za namna ile hazina mota ndani yake. Kamera ndogo za Nikon hazina mota ya kuizungushia, kwa hiyo mtu hulenga kwa mkono. D7000 inayo mota mwilini mwake, na lenzi ile ikafufuka ikalenga yenyewe. Tukapiga hesabu darasani: lenzi ya kwanza ikivutwa mpaka mwisho tundu lake ni f/5.6. Gawanya 5.6 kwa 1.8, uzidishe jibu kwa lenyewe, utapata 9.7. Yaani lenzi ile nzee huingiza mwanga karibu mara kumi. Ndani ya nyumba yenye dirisha moja, ambamo bibi amekaa kitandani hawezi kutoka nje, mara kumi ndiyo tofauti ya kupata picha na kukosa. Kihisi cha kamera hii ni kidogo kuliko filamu ya milimita 35, kwa hiyo lenzi ya 50 huona kama ya 75, na hiyo hufaa sana kwa uso, pua haifutuki.

Usiku pia kamera hii ina kazi. Usiku usio na mwezi wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa, na ukisimama juu ya majabali ya pwani unaona kama mji umejengwa juu ya maji. Tulikwenda na mwalimu mara moja. Pazia hukaa wazi mpaka sekunde 30, na zaidi ukitaka. Miguu mitatu ya kusimamishia hatuna, lakini Mwanza haijakosa mawe. Tuliiweka juu ya jabali, tukatia sweta chini yake, tukatumia saa ya kujipigia ili kidole kisiitikise. Taa zilichora mistari, kwa maana mitumbwi haikai kimya. Mwenzangu mmoja alisema zinafanana na mwandiko wa daktari.

Mengine nayapita upesi. Megapikseli ni 16.2, na hilo ndilo jibu la lile swali la kwanza. Zinatosha kusafisha picha ya inchi 16 kwa 10 bila aibu, na sijamwona mtu hapa Kisesa mwenye ukuta unaotaka kubwa kuliko hiyo. Sinema inapiga, lakini sauti yake ya ndani si nzuri, na kulenga wakati wa sinema ni kwa polepole hata kunachosha. Mwili wake umezuiliwa vumbi na unyevu, lakini lenzi yetu haikuzuiliwa, basi usibadilishe lenzi uwanjani Bujora, na wala usipulize ndani kwa mdomo. Betri ikijaa hupiga picha 1,050 kwa kipimo cha kiwanda. Umeme ukikatika siku mbili sisi hatujali. Na ina nafasi za kadi mbili. Kila picha yaweza kuandikwa mahali pawili kwa mara moja. Kamera iliyokuja baadaye katika daraja hili, mwaka 2017, yaani D7500, ni bora kwa mambo mengi, lakini walimnyang'anya mpiga picha kadi ya pili. Sielewi kwa nini.

Sasa shauri la simu. Ni kweli kwamba simu nzuri ya leo hupiga picha nyingi kwa pamoja na kuziunganisha, na mbele ya mbingu nyeupe mara nyingi humwona mtu vizuri kuliko D7000 iliyoachwa ijiendeshe. Ni kweli pia kwamba ni nyepesi, na picha hufika kwa mzazi jioni ile ile. Tena viwanda vyenyewe vimekwisha kugeukia kamera zisizo na kioo, kwa hiyo hii yetu ni ya kizazi kinachoondoka. Sikatai hata moja. Lakini simu huamua yenyewe uso wa mtu uwe na rangi gani, na nyingine huulainisha na kuung'arisha bila kuulizwa. Nimemwona shangazi yangu katika picha ya simu hana mikunjo hata mmoja. Alifurahi, lakini hakuwa yeye. Tena sisi wanafunzi haturuhusiwi simu shuleni, na sheria hiyo siipingi. Basi simu itakaa mfukoni mwa mwalimu, na mwalimu ni mmoja. Kamera hii hushikwa na wanachama 22 kwa zamu, na kila mmoja wao anaweza kukuambia kwa nini uso umekuwa mweusi na afanye nini.

Tena si lazima mtu aanze na kilicho kipya. Mohamed Amin, yule Mkenya aliyekulia Dar es Salaam, ambaye mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliutikisa ulimwengu, alianza akiwa mtoto wa shule na kamera ya Box Brownie, ambayo kwa kweli ni sanduku lenye kifungo. Kipimo cha mwanga haikuwa nacho kabisa.

Tangu Bulabo iliyopita tumeanza kazi ya kuwapiga wazee wa hapa jirani, mmoja mmoja, nyumbani kwao, wakiwa wamevaa wanavyotaka wenyewe. Mpaka leo tumewapiga saba. Bibi mmoja alitaka apigwe na redio yake. Mwingine alikataa kupigwa mpaka binti yake arudi kutoka Magu. Majina yao yote yako katika daftari la kijani, ndani ya kabati la maabara, pamoja na hesabu ya mwanga wa kila mmoja. Picha za watatu zimekwisha kusafishwa na kurudishwa. Za wanne bado, kwa sababu fedha zimepungua, na mmoja kati ya hao wanne ni mgonjwa. Ikiwa mkutano wa muhula ujao utaamua kamera iuzwe, ninaomba kadi zake mbili zitolewe kwanza.